Uzi maalumu: Cha kujazia stendi za spika, na kwa nini mchanga lazima ukauke kwelikweli

Nguzo Tupu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Swali la stendi za spika linarudi kila mara: nijazie nini? Na jibu huwa ni neno moja, mchanga. Jibu ni sahihi. Lakini mchanga gani, umeandaliwa vipi, unaingia kiasi gani, hapo ndipo stendi za watu zinapoharibikia. Zangu za kwanza ziliharibika hivyo hivyo, nitaeleza mbele kidogo. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Kwanza kwa nini tujaze. Chukua nguzo ya chuma iliyo tupu, igonge kwa kifundo cha kidole. Inalia kama kengele, na inachukua muda kunyamaza. Sasa fikiria spika iliyokaa juu yake. Wufa, ile spika kubwa ya besi ndani ya sanduku, inaposukuma hewa kwenda mbele, sanduku nalo linasukumwa kurudi nyuma, kidogo sana, lakini mara mamia kwa sekunde. Msukumo huo unashuka hadi kwenye nguzo, na nguzo ikikutana na noti inayolingana na mlio wake yenyewe, inaitikia. Unasikia sauti ya mwimbaji ina ukali fulani usioeleweka, au besi inabaki inavuma baada ya mpiga gitaa kuachia waya.

Kijazo kinafanya kazi mbili, na ni muhimu kuzitenganisha kwa sababu si kila kitu kinazifanya zote. Ya kwanza ni uzito: stendi nzito ni ngumu kusukumwa, na uzito ukiwa chini haipinduki ovyo. Ya pili ni kuuzima mtetemo. Punje maelfu kwa maelfu zinasuguana, na ule mtetemo unaishia kuwa joto dogo ambalo hata mkono hauwezi kulihisi. Hii ya pili ndiyo inayonyamazisha kengele. Kwa hiyo kitu kizito kisichosuguana, na kitu kinachosuguana kisicho na uzito, kila kimoja kimefanya nusu ya kazi.

Pima kabla ya kutafuta chochote. Nguzo zangu ni za mraba, ndani sentimita 7 kwa 7, urefu sentimita 58. Zidisha: 7 × 7 × 58 ni sentimita za ujazo 2,842, yaani lita 2.8 na ushee. Nguzo ya duara chukua nusu ya kipenyo cha ndani, zidisha kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, kisha kwa urefu. Pima ndani, si nje, kwa maana unene wa bati unakula nafasi.

Lita moja ya mchanga mkavu uliotulia ina kilo 1.5 hadi 1.6. Nguzo yangu moja basi inabeba kama kilo 4.5 za mchanga. Ukiweka gololi ndogo za chuma, lita ina karibu kilo 4.5, nguzo hiyo hiyo inafika kilo 13 hivi. Punje za madini ya risasi zinakaribia kilo 7 kwa lita, hapo unazungumzia kilo 19 kwenye nguzo moja. Mchele, ambao kuna watu wanaushauri, lita haifiki hata kilo moja.

Sasa kisa changu. Stendi za kwanza nilizijaza mchanga uliokaa kwenye mfuko miezi kadhaa. Juu ulikuwa mkavu, unamwagika vizuri kabisa mkononi. Sikutia mkono chini ya mfuko. Nikajaza, nikafunga sahani ya juu, nikaridhika na mlio. Baada ya miezi kama mitano nikasogeza stendi ili nifagie, nikakuta mstari wa rangi ya chai umezunguka kitako cha nguzo, umeingia kwenye sakafu. Nilipofungua, mchanga wa chini ulikuwa umeshikana kama keki, mwekundu wa kutu, na rangi ya ndani ya nguzo ilibanduka kwa kucha. Mlio wa nguzo hiyo baada ya kumwaga mchanga ulikuwa mbaya kuliko mwanzo, kwa sababu bati lilikuwa limeliwa kwenye mshono wa kuchomelea.

Piga hesabu uone. Mchanga wa juu ya mfuko unaweza kuwa mkavu huku wa chini ukiwa na unyevu wa asilimia 5. Kwenye kilo 4.5, asilimia 5 ni gramu 225 za maji. Hicho ni karibu kikombe kizima umekimimina ndani ya bomba la chuma, ukalifunga.

Na kuna jambo jingine. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Utando wa maji unazishikilia punje zisikaribiane, kwa hiyo unadhani nguzo imejaa kumbe sehemu ya ulichokijaza ni hewa tu. Ukija kukauka unashuka, na juu inabaki tupu. Hiyo ndiyo sababu wengine wanalalamika kuwa stendi "imerudi kulia" baada ya muda.

Maandalizi nayaweka kwenye posti inayofuata, naona hii imeshakuwa ndefu.

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Maandalizi ya mchanga, hivi ndivyo ninavyofanya sasa.

Chekecha kwanza. Chekeche la kawaida lenye matundu madogo linatosha. Kinachobaki juu ni kokoto, vijiti, vipande vya kombe, mizizi. Tupa vyote. Kijiti kikiwa ndani ya nguzo kitaoza, na kokoto ikigusa bati inagonga badala ya kusugua.

Kisha osha. Weka mchanga kwenye ndoo, usizidi nusu, jaza maji, ingiza mkono ukoroge kutoka chini. Maji yatakuwa kama ya mafuriko. Acha sekunde chache punje zitue, mwaga yale ya juu. Rudia mpaka uone mkono wako vizuri ukiwa chini ya maji. Mimi hunichukua mara nane hadi kumi. Unachokiondoa ni udongo na vumbi laini, ambavyo ndivyo hushika unyevu na ndivyo huvuja kwenye kila kitobo.

Kausha. Tandaza kwenye turubai au bati safi, unene usizidi sentimita mbili, kwenye jua kali. Geuza kila baada ya saa moja. Jioni uingize ndani kabla umande haujaanguka, vinginevyo kesho unaanza upya. Kwangu siku mbili za jua zinatosha, tatu ukitaka kulala vizuri. Pasipo jua, tumia sufuria pana juu ya moto, kidogo kidogo, unakoroga hadi mvuke uishe kabisa.

Sasa utajuaje umekauka? Kwa macho hutajua. Kwa mkono hutajua. Kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza: jaza chupa ya kioo robo tatu, ifunge kifuniko, iweke juani saa moja. Ukiona ukungu au vitone upande wa ndani wa kioo, bado. Ya pili ni ya mizani: pima kilo moja kamili, ipashe moto kwenye sufuria robo saa, iache ipoe, pima tena. Ikirudi gramu 980, ulikuwa umebakiza gramu 20 za maji kwenye kila kilo. Rudia mpaka namba isibadilike.

Na usijaze mchanga ukiwa wa moto. Hewa yake ikipoa ndani ya chuma inaacha jasho.

Vumbi, wakuu, msilichezee. Mchanga mwingi ni silika, na vumbi lake laini likiingia kwenye mapafu halitoki. Kuchekecha na kumimina mchanga mkavu kufanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, na barakoa ya kuzuia vumbi usoni. Kitambaa cha kufunga pua hakitoshi.

Naishia hapa kwa sasa, karibuni.

---

Kijana wa Besi

Mkuu umenigusa. Zangu nilijaza mwaka jana moja kwa moja kutoka kwenye lundo la mchanga wa ujenzi. Sikukausha hata dakika moja. Nifungue au niache?

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Fungua mkuu, tena wiki hii. Tandika turubai, toa spika kabisa chumbani, laza stendi polepole, toa sahani ya juu. Mchanga ukitoka kama maji, una bahati. Ukitoka vipande vipande, piga tochi ndani. Kutu ya juu juu iondoe kwa brashi ya waya iliyofungwa kwenye fimbo, pangusa, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke siku kadhaa bila kufunga. Rangi nayo ina mvuke wake, ukiwahi kufunga inabaki mbichi.

---

Mzee wa Santuri

Mada nzuri. Mimi naishi karibu na bahari na mchanga wa ufukweni ni msafi, mweupe, punje zinalingana. Kwa nini nisiutumie huo?

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Shikamoo mzee wangu. Punje zake ni nzuri, tatizo ni chumvi. Chumvi inavuta maji kutoka hewani, kwa hiyo hata ukiukausha mpaka mwisho, ukiufungua siku ya mawingu unaanza kunywa tena. Na chumvi pamoja na unyevu ni adui mkubwa wa chuma. Ukiutaka lazima uuoshe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, mara nyingi kuliko nilivyoandika. Onja tone la maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi uteme. Ukisikia chumvi, endelea.

Hata hivyo mimi ningetafuta wa mtoni. Na popote unapochota, chota panaporuhusiwa. Kilo tisa hazihitaji kubomoa ufukwe wa mtu.

---

Mzee wa Santuri

Marahaba. Nimekuelewa. Nitatafuta ule unaouzwa ukiwa umeshaoshwa na kukaushwa, wa kuchezea watoto.

---

Fundi Bomba

Naomba niongeze kitu ambacho mleta mada hajakigusa, na ni kikubwa. SUMAKU.

Mchanga mwingi una chembe nyeusi za madini ya chuma. Chukua sumaku, ivishe mfuko wa plastiki, ipitishe kwenye mchanga wako mkavu. Itatoka na ndevu nyeusi, fupi, zimesimama kama manyoya ya paka aliyeogopa. Geuza mfuko ndani nje, ndevu zinaanguka, unarudia. Nilipofanya kwa mara ya kwanza kwenye ndoo moja nilitoa kijiko kizima cha chai.

Sasa spika ina sumaku kubwa nyuma ya kila wufa, na kati ya sumaku na koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni ya spika) kuna mwanya mwembamba kuliko unene wa ukucha. Chembe moja ikiingia humo haitoki, inakwaruza koili kila noti. Niliwahi kuletewa spika "iliyoungua" na jamaa, haikuwa imeungua hata kidogo. Ilikuwa imekaa sakafuni, uso juu, mita moja kutoka pale alipokuwa anamimina mchanga.

Kwa hiyo spika zihamie chumba kingine, mlango ufungwe, na usizirudishe mpaka umefagia na kupangusa kwa kitambaa chenye maji. Gololi za chuma ndiyo hatari zaidi, na unga wa chuma wa kwenye karakana za kusaga vyuma usiuguse kabisa hata kama unaupata bure.

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Fundi, asante sana. Hili la kuvisha sumaku mfuko sikuwa nalijua, mimi nilikuwa nahamisha spika tu. Nimelijaribu leo asubuhi kwenye mchanga ambao nilidhani ni safi. Ndevu zimetoka kweli.

---

Binti Sauti

Habari zenu. Mimi nina watoto wadogo wawili na nimepewa punje za risasi, kama kilo kumi, na kaka yangu ambaye hazihitaji tena. Stendi zangu ni nyembamba, mchanga unaingia kidogo sana na zinayumba. Kwa uzito risasi inanivutia. Je ni salama?

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Dada, nitakujibu kama ambavyo ningemjibu dada yangu wa tumbo moja: usiziingize kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Kwa stendi peke yake risasi ni nzuri mno. Haishiki kutu kama chuma, haivutwi na sumaku, ni nzito, na kwa kuwa ni laini haigongi bali inameza mtetemo. Shida ni kwamba ni sumu, na Shirika la Afya Duniani limeshasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto na wajawazito ndio wanaoumia zaidi. Punje zikisuguana zinatoa unga wa kijivu, unauona kwenye vidole. Unga huo ukianguka sakafuni, mtoto anatambaa juu yake, anaweka mkono mdomoni. Stendi ikipinduka na sahani ikafunguka, una punje elfu kadhaa chini ya makochi.

Wasio na watoto wanaotaka kuzitumia: glavu, nje ya nyumba, ziingie ndani ya mifuko imara iliyofungwa kwanza, halafu mifuko ndiyo iingie kwenye nguzo. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote.

Kuyumba kwako, kwanza kuangaliwe kwingine. Kitako kina upana gani? Boliti zimekazwa? Sakafu ni sawa? Kwenye nyumba ya watoto kitako kipana na kamba ya kufunga stendi ukutani vinasaidia kuliko kilo kumi za ziada.

---

Binti Sauti

Asante kaka, nimezirudisha. Kitako kweli ni kidogo, sentimita 22 kwa 22, nitatafuta bati nene nilifunge chini yake.

---

Zege Tupu

Kwa nini mnajisumbua na mchanga kuoshwa mara kumi? Mwaga zege. Mara moja, imeisha. Lita ya zege ina kilo 2.3 au 2.4, inauzidi mchanga, haivuji, haina vumbi.

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Mkuu, kwenye uzito uko sawa. Lakini rudi kwenye zile kazi mbili. Zege likishika ni jiwe moja, punje hazisuguani tena. Mlio unabadilika, unapanda au kushuka, ila njia ya kuuua umeiondoa. Na likikauka linasinyaa kidogo, linaachana na bati, ndipo bati linapata nafasi ya kulia kando ya zege. Halafu umelimwaga likiwa na maji ndani ya chuma kilichofungwa. Na siku ukihama nyumba? Mchanga unaumwaga, unabeba stendi tupu kwa mkono mmoja. Zege unalibeba hivyo hivyo mpaka kaburini.

Zege lina mahali pake, kwenye kitako. Kitako kizito cha zege chini, nguzo ya mchanga juu, hiyo ni stendi nzuri sana.

---

Zege Tupu

Za kwangu hazilii ndugu, nimezigonga.

---

Fundi Bomba

Inategemea na bati. Nguzo yako ikiwa nene na zege likashika vizuri, hutasikia kitu. Mimi hoja yangu kwa zege ni ile ya kutorudi nyuma. Ile povu ya kupuliza inayovimba nayo ni hivyo hivyo, tena haina uzito wowote, inashika ndani na haitoki. Inatuliza mlio kidogo, lakini stendi inabaki nyepesi kama ilivyokuwa.

---

Kijana wa Besi

Na mchele? Dengu? Nimeona watu wakijaza nafaka.

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Hapana. Ni nyepesi, inavuta unyevu, inavimba, inaoza. Wadudu wataingia na panya atawafuata.

---

Fundi Bomba

Kuhusu kuvuja, mchanga mkavu uliooshwa una tabia ya maji. Utapita kwenye tundu la skrubu, kwenye mshono ambao fundi wa kuchomelea aliruka sehemu, kwenye njia ya waya. Kabla ya kujaza, ingiza tochi inayowaka ndani ya nguzo, zima taa za chumba, izungushe. Panapotoka mwanga ndipo patatoka mchanga. Ziba kwa silikoni kutoka ndani kama mkono unafika, iache ishike siku nzima.

Stendi yenye njia ya waya ndani, angalia kama njia hiyo ina bomba lake la pembeni. Kama waya unapita katikati ya nguzo hiyo hiyo, utoe upite nje. Ukiuzika kwenye mchanga, siku utakapotaka kuubadilisha utajuta.

Njia ya kuepuka yote haya ni soseji. Kata tyubu ya baiskeli kwa urefu wa nguzo, funga upande mmoja kwa waya, jaza mchanga, funga upande wa pili, ingiza. Mpira wenyewe unasaidia kuzima mtetemo. Kasoro yake, kwenye nguzo ya mraba kona zinabaki wazi, na soseji isiyogusa bati haiwezi kulinyamazisha. Ukitaka soseji tumia mfuko mrefu wa plastiki nzito, mpana kuliko nguzo, uuingize ukiwa mtupu, mdomo wake uukunjie nje ya nguzo kama unavyovisha pipa, kisha ndiyo umimine. Mchanga utausukuma mpaka kwenye kona zote.

---

Mzee wa Santuri

Unajaza mpaka juu kabisa au unaacha nafasi?

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Mzee, hapa kila mtu ana dini yake. Mimi nafanya hivi: namimina robo kwa faneli, nagonga nguzo pande zote kwa nyundo ya mpira mara ishirini hivi, namimina robo nyingine. Kila hatua nagonga kwa kifundo cha kidole, chini, katikati, juu, nasikiliza. Robo ya kwanza chini panatoa "tup" fupi, juu bado panaimba. Nikifika robo tatu hivi, nguzo nzima inatoa sauti ya kugonga gogo. Hapo naongeza kidogo, nafika kama nne ya tano, nasimama. Baada ya hapo masikio yangu hayasikii tofauti, na kila kilo ya juu inapandisha kitovu cha uzito kuelekea kwenye spika. Juu ya mchanga naweka kipande cha sponji, nafunga sahani.

Halafu rudi baada ya wiki tatu au nne. Mchanga unaendelea kutulia kwa mitetemo ya muziki wenyewe. Zangu zilishuka kidole kimoja na nusu. Ongeza, funga, imetoka hiyo.

Jambo moja kwa wanaochanganya. Ukitaka gololi za chuma chini na mchanga juu, ujue mchanga utashuka. Gololi zikipangana zinaacha vitundu, na punje yenye kipenyo chini ya takriban moja ya sita ya gololi inapita katikati yake. Gololi za milimita 3 zitapitisha mchanga laini wote wa chini ya nusu milimita. Kwa hiyo ama utie kila kimoja kwenye mfuko wake, ama uchanganye tangu mwanzo kwenye ndoo. Kuchanganya ni bora, mchanga unakalia nafasi ambazo zingekuwa hewa, uzito unapanda na msuguano unapanda.

---

Mbao Ngumu

Sisi wenye stendi za mbao je? Zangu nimezitengeneza mwenyewe, sanduku refu la MDF (zile mbao za nyuzi zilizogandamizwa kwa gundi).

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Mbao tayari inazima mtetemo vizuri kuliko bati, kwa hiyo unachohitaji ni uzito wa chini. Jaza theluthi ya chini tu. Lakini MDF ikinywa unyevu inavimba kama mkate na hairudi. Paka ndani vanishi mikono miwili kabla ya kufunga, na mchanga uwe umepita kipimo cha mizani. Na viungo viwe na gundi na skrubu, kwa sababu mchanga unasukuma kuta kwa nje wakati wote.

Wenye stendi za kununua, soma karatasi iliyokuja nazo. Baadhi hazikuundwa zijazwe, sahani ya chini imeshikwa kwa skrubu mbili tu.

---

Kijana wa Besi

Nimefungua wakuu. Moja ilitoka nzuri, moja ilitoka vipande, kutu sentimita kama nane kutoka chini. Nimesugua, nimepaka rangi. Mchanga nimeuosha mara tisa, uko kwenye bati tangu juzi. Chupa ya jana ilikuwa na ukungu. Ya leo mchana, kavu kabisa.

Swali la mwisho: baada ya yote haya nitasikia tofauti kubwa kiasi gani?

---

Nguzo Tupu (mleta mada)

Nakuambia ukweli. Ukisogeza spika nusu mita kutoka ukutani utasikia tofauti kubwa zaidi ya hii. Ukiweka twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, usawa wa masikio yako ukiwa umekaa, vilevile. Hayo yaanze. Kijazo kinakuja baada yake, na unachokisikia ni kupungua kwa kitu: ule ukali kwenye sauti za katikati, ule mvumo unaobaki. Jaribu hivi kabla hujajaza na baada ya kujaza. Piga wimbo wenye besi nzito, sauti ile ile, weka ncha za vidole viwili katikati ya nguzo. Nguzo tupu utaihisi inanguruma kwenye vidole.

---

Kijana wa Besi

Nimejaza jana usiku. Kilo 4.2 upande mmoja, 4.3 upande wa pili, zote zilipita mizani bila kubadilika. Kabla ya kujaza niliweka vidole kama ulivyosema, nguzo ilikuwa inatetemeka hadi kucha inawasha. Baada ya kujaza nimeweka vidole pale pale, wimbo ule ule, nikadhani spika imezimika. Nimeinua kichwa, muziki unaendelea.

Nitarudi baada ya wiki nne niseme umeshuka kiasi gani.